Mwizi Aliyebeba Ngozi Kuukuu

Jumapili ya pili ya mwezi wa Februari mwaka huu, Sajenti mstaafu Malimi alifariki dunia nyumbani kwake Bariadi. Pamoja naye amepotea mtu wa mwisho niliyeweza kumuuliza, "Afande, siku ile ilikuwaje vile?" akanijibu. Mimi nilistaafu miezi michache kabla ya kifo chake. Tulikuwa tumepanga kukaa barazani tuzungumze ya kazini polepole, huku tukisahihishana. Sasa sina wa kunisahihisha. Kwa hiyo nitaandika yale tu ninayoyakumbuka vizuri, na nisichokumbuka nitasema sikumbuki.

Nawaandikia ninyi vijana mlioingia upelelezi wakati sisi tunatoka. Vyeo sitavigusa, maana vilikuja kwa kuchelewa kama mvua za kwetu. Mishahara mnaijua wenyewe. Shule niliishia darasa la saba, hivyo msitafute maneno makubwa humu.

Nilianza jeshini. Nilipelekwa kambi ya mbali, mahali penye baridi ambapo asubuhi kinywa cha mtu kilitoa moshi kama chungu jikoni. Mkufunzi wetu alikuwa na mchezo wake. Alituamuru tugeuke nyuma ghafla, kisha akauliza, "Ulikokuwa unatazama kuna nini?" Aliyejibu "miti, afande" aliizunguka miti hiyo mbio mpaka alegee. Aliyejibu "miti mitano, mmoja umekatwa tawi, utomvu wake bado mbichi" aliruhusiwa kwenda kunywa chai. Mimi napenda chai. Ndivyo nilivyojifunza kutazama.

Nilipohamia polisi nikapangiwa Bariadi, nyumbani kabisa. Wakati ule Itilima ilikuwa bado ndani ya Wilaya ya Bariadi, na sote tulikuwa Mkoa wa Shinyanga. Simiyu ulikuwa mto tu. Siku ya kwanza niliripoti kwa Sajenti Malimi, aliyekuwa mkuu wa wapelelezi wa kituo. Nilimkuta nyuma ya mahabusu, ameinama, anamwagilia mchicha.

"Wewe ndiye mwanajeshi?"

"Ndiyo, afande."

"Unajua kulenga shabaha?"

"Najua, afande."

"Hapa hatulengi. Shika ndoo."

Tangu siku hiyo jina langu likawa Mwanajeshi, hata kwa wake wa askari. Vifaa vya Malimi vilikuwa baiskeli, futi ya kamba ya fundi cherehani, kikopo cha ugoro na kigoda cha miguu mitatu. Alikwenda na kigoda chake kila mahali penye tukio. Alikuwa akisema kwamba mtu aliyesimama anaharakisha. Alipomhoji mtuhumiwa aliuliza swali moja, akanyamaza. Kama jibu halikuja, hakuongeza la pili. Alivuta ugoro, akapiga chafya, akatazama nje. Nimewaona watu wakikiri kwa sababu tu hawakuweza kuvumilia ule ukimya na zile chafya.

Kisha ikaja miaka ya soko huria. Ninyi mmezaliwa mkaikuta, lakini sisi ilitukuta tukiwa kazini. Msimu mmoja pamba ilikuwa na mnunuzi mmoja tu, chama cha ushirika. Msimu wa pili kila njia panda ilikuwa na mizani na mtu mwenye kalamu sikioni. Mnunuzi alileta malalamiko kwamba pamba imetiwa mchanga na maji. Mkulima naye alilalamika kwamba mizani ina shetani. Tulipopima na kuchunguza, mara nyingi wote wawili walikuwa wanasema kweli.

Kilichotutesa zaidi ni malori. Zamani mwizi wa ng'ombe alikwenda kwa miguu kama ng'ombe wenyewe, na watu wakipiga yowe walifuata kwato mpaka wakamfikia. Sasa wafanyabiashara walikuja minadani na malori makubwa. Ng'ombe aliyelala zizini Mwanhuzi leo, kesho alikuwa nyama mjini Mwanza, na kwato zake ziliishia kwenye alama za matairi. Watu wakawa na hasira ambayo sikuwahi kuiona. Sungusungu, yaani walinzi wa jadi wa vijijini wenye pinde na filimbi, wakawa wanamkamata mtu kwanza na kuuliza baadaye. Wengine walisahau kuuliza.

Nimesema hayo ili mwelewe hali ya watu ilivyokuwa alipoletwa kituoni mzee Luhende.

Ilikuwa baada ya mvua za masika kukatika. Asubuhi tulisikia filimbi, tukaona vumbi, kisha kundi la sungusungu kutoka kijiji kimoja cha upande wa Zagayu. Katikati yao walikuwamo ng'ombe kumi na mmoja, ndama mmoja, punda mwenye mzigo, na mtu mwenye umri kama wa miaka hamsini na tano, amefungwa mikono kwa kamba ya katani. Kichwa chake kilikuwa kimepasuka upande wa kulia na damu imegandia kwenye sikio. Alitembea amenyooka.

Aliyewaongoza ni kamanda wao, Nkwabi, mtu mrefu mwenye sauti ya kuzoea kusikilizwa.

"Afande, tumewaletea mwizi na mali," alisema Nkwabi. "Na mali yenyewe ni ya kwetu. Angalia masikio."

Tulitazama. Kila ukoo wa wafugaji una namna yake ya kukata masikio ya ng'ombe ili wajulikane. Wale walikuwa na mapengo mawili chini ya sikio la kushoto. Nkwabi alileta ng'ombe wake mwenyewe wa kulinganisha, na alama ilikuwa ile ile, mkato kwa mkato.

"Waliibwa lini?" aliuliza Malimi.

Nkwabi alisita. "Hilo ndilo ajabu, afande. Zizini kwangu hajapungua hata mmoja. Lakini alama si ya mtu mwingine. Huyu ameiba zamani, akaficha, sasa anapeleka mnadani."

"Anapeleka mnadani kwa kupita kijijini kwako?"

"Wezi wa siku hizi wana dharau, afande. Wanapita mchana kweupe."

Napaswa kusema kwamba Nkwabi hakuwa mwongo. Aliona alama ya ukoo wake kwa mtu asiyemjua, mtu asiye na kibali cha kijiji cha kusafirisha mifugo, tena msimu wa wizi. Mimi mwenyewe ningepiga filimbi.

Malimi alimwandikia Luhende fomu ya matibabu kabla ya kuandika neno lolote jingine. Aliporudi kutoka hospitali na bendeji, tukamketisha. Malimi akakaa kwenye kigoda.

"Ng'ombe hawa ni wa nani?"

Ukimya. Ugoro. Chafya. Nilidhani tutafika saa ya chakula.

"Wana mwenyewe," alisema Luhende hatimaye. Kiswahili chake kilikuwa kizito, cha mtu wa upande wa Mwandoya anayekitumia kwa serikali tu.

"Nani?"

"Nitamwambia mwenyewe."

"Utamwambia nini?"

"Kwamba ni wake."

Konstebo aliyekuwa mlangoni aliangua kicheko. "Afande, huyu anamtafuta mwenye mali amwambie kwamba ni mwenye mali! Basi na mimi nipo, aniambie."

Luhende alimgeukia taratibu. "Wewe, mwanangu, huna hata uso wa mtu mwenye ndama."

Hata Malimi alicheka. Lakini siku ile hatukupata neno jingine, wala siku iliyofuata. Kosa lake la kutokuwa na kibali lilikuwa wazi, na la wizi lilikuwa linakwenda mahakamani kwa nguvu ya masikio yale. Mtu wa umri wake angefungwa miaka, na gereza la wakati ule lilikuwa linamaliza wazee. Yeye alijua. Malimi alimweleza kila kitu, kifungu kwa kifungu, kwa Kisukuma. Luhende alisikiliza, akasema "Wabeja," yaani ahsante, akarudi mahabusu kulala.

Kielelezo cha kesi kinachokula majani ni taabu, na hili sijui kama mnafundishwa chuoni. Wale ng'ombe walimaliza mchicha wa Malimi siku ya kwanza. Siku ya pili askari wawili waliosomea kazi ya polisi walikuwa wanawapeleka lamboni kunywa maji, na kofia zao kichwani. Kulikuwa na ng'ombe mmoja anayenyonyesha, na tukabishana maziwa ya kielelezo ni ya nani. Mkuu wa kituo, Mkaguzi mmoja mpole aliyekuwa mgeni wilayani, akaamua yawe ya mahabusu. Konstebo yule mcheshi akaenda kukamua. Tulimsikia akitukanana na ng'ombe.

Kutoka dirisha la mahabusu ikasikika sauti, "Mwacheni. Mnamuumiza. Nitoeni nimkamue, halafu mnifunge tena."

Malimi akaamuru atolewe. Luhende akachuchumaa ubavuni mwa ng'ombe, akampapasa paja, akamwambia kitu kwa sauti ya chini. Ng'ombe akatulia. Ndoo ikajaa. Akasimama, akanyoosha mikono mbele ili afungwe pingu.

Malimi alinitazama. Ng'ombe kumzoea mtu kulionyesha tu kwamba amekaa naye. Mwizi wa zamani naye hukaa na ng'ombe.

Siku hiyo hiyo Nkwabi alirudi, ameburuta mbuzi.

"Huyu ni wa vijana, afande. Nao wamechoka kuchunga."

"Vijana wanalipwa na serikali," alisema Malimi.

"Serikali inalipa supu?" Nkwabi akacheka, kisha akashusha sauti. "Afande, nataka ng'ombe zangu kabla ya mnada. Kuna tajiri wa lori kutoka Mwanza, tumeshaongea. Nataka kuweka mashine ya kusaga. Mambo yamefunguliwa, afande, anayelala analala peke yake."

Malimi akamfunga mbuzi kwenye mlingoti wa bendera na kumwambia Nkwabi aje amchukue roho yake ikitulia. Nkwabi akaondoka bila mbuzi, akidhani amekubaliwa.

Sasa niseme habari ya mzigo wa punda. Ulikuwa umefungwa kwa turubai kuukuu, na sungusungu walipoufungua walikuta ngozi za ng'ombe zilizokauka. Waliandikisha kwamba ni ushahidi wa ng'ombe wengine ambao mwizi alikwisha kuwachinja. Tukazitupia chumba cha vielelezo. Baada ya siku mbili chumba kilinuka hata karani akahamia na meza yake chini ya mti. Mkuu wa kituo akaniamuru nizitoe nizianike.

Nilizitandaza kwenye uwanja wa gwaride, juani. Zilikuwa saba. Na kwa sababu ya yule mkufunzi wa miti, nilianza kuzitazama moja moja.

Ya kwanza ilikuwa imekauka kama bati, imeliwa na wadudu, ukiikunja inavunjika. Ya pili haikuwa kongwe hivyo. Ya mwisho bado ilikuwa na ulaini, pengine ya mwaka ule au uliotangulia. Kwa hiyo wale ng'ombe hawakufa pamoja. Walikufa kwa miaka mingi, mmoja mmoja. Hakuna mfanyabiashara wa ngozi ambaye angetoa hata thumni kwa ile ya kwanza. Mtu gani anabeba safari nzima kitu ambacho hata mbwa hataki?

Kisha nikaona masikio. Mchinjaji anapochuna huacha ngozi ya kichwa. Hizi zote zilikuwa na masikio yake. Aliyezichuna alipita kwa kisu polepole kuzunguka fuvu, kwa makusudi, ili sikio la kushoto libaki na mapengo yake mawili. Moja ilikuwa nusu tu, imechanwachanwa, imekosa mgongo wote. Lakini hata hiyo nusu ilikuwa na sikio.

Nikazirudia zote saba, nikihesabu masikio.

Nilipomwita Malimi, alikuja na kigoda chake, akakaa katikati ya zile ngozi. Alishika ile iliyochanika, akaigeuza. Kisha akavua kofia. Sijawahi kumwona akivua kofia akiwa kazini, isipokuwa makaburini.

"Mwanajeshi," alisema, "huyu hajatoka kuiba. Huyu anakwenda msibani."

Nami nilikuwa nimekwisha kuelewa. Kwetu mtu akiwa na ng'ombe wengi, au akiogopa ukame, au akiogopa macho ya watu, huwapeleka baadhi kwa rafiki yake wa mbali awatunze. Rafiki anakunywa maziwa, ndama ni wa mwenyewe na hukatwa alama yake. Ng'ombe akifa, mtunzaji anamwonyesha mwenyewe ngozi, ili ijulikane kwamba hakuuza wala hakula kwa siri. Babu yangu alifanya hivyo. Lakini kwa kawaida mwenyewe anakuja, anaangalia ngozi, wanacheka, wanaifanya kitanda. Sikuwahi kusikia mtu aliyezitunza miaka yote bila kuulizwa, na siku aliposikia rafiki yake amekufa akazipakia kwenye punda pamoja na walio hai, akaenda kutoa hesabu kwa watu wasiojua hata kama wanadai.

Wa ukoo wa masikio yale aliyekufa karibuni alikuwa mmoja tu. Shija, ndugu yake Nkwabi, tumbo moja. Alikuwa amezikwa wiki tatu kabla, ameacha mjane anayeitwa Kabula na watoto watatu.

Malimi akaenda mahabusu. Nilisimama nyuma yake.

"Mzee," alisema, "nimeziona ngozi. Sitakuuliza ni za nani. Niambie tu unataka kusimama wapi ndipo useme."

Luhende alimtazama.

"Uani kwa marehemu," alisema. "Mchana. Mke wake awepo, watoto wawepo, ndugu wawepo, majirani wawepo. Wote."

"Kwa nini hukusema kwa sungusungu waliokukamata? Wangekuacha bila kukupasua kichwa."

"Aliniapisha. Alisema, nikifa, usimwambie mtu mmoja. Akisikia mmoja, zimepotea. Sema wasikie wote." Akagusa bendeji. "Yule mkubwa wao alikuwa mmoja."

Kazi ikabaki kwa mkuu wa kituo. Alikuwa mtu wa kanuni, na kanuni haikuwa na mahali pa kumtoa mahabusu na vielelezo vyake aende matangani.

"Na akikimbia, Sajenti?"

"Afande, akikimbia na ng'ombe kumi na mmoja, ndama na punda, nitamkamata kwa baiskeli."

Mkuu wa kituo aligonga kalamu mezani mara nyingi. Kisha akatoka nje, akaenda uwanja wa gwaride, akazitazama zile ngozi peke yake. Aliporudi alisema, "Nendeni. Lakini Mwanajeshi aende na wewe. Na mrudishe huyo mbuzi, anakula kamba ya bendera."

Safari ilichukua siku moja na sehemu ya ya pili, kwa mwendo wa ng'ombe. Tulimfungua Luhende mikono tulipovuka mipaka ya mji, kwa sababu ng'ombe hawakutaka kumfuata mtu mwingine. Malimi alisukuma baiskeli. Mashamba ya pamba yalikuwa yamefunguka, meupe pande zote, na watu waliokuwa wakichuma walisimama kututazama: polisi wawili, mfungwa anayeongoza, ng'ombe, punda, na mbuzi wa rushwa nyuma. Mama mmoja akatusalimu kwa sauti, "Mwadila! Nani kamkamata nani hapo?" Malimi akamjibu, "Mayu, mama yangu, bado tunachunguza."

Tulikuwa tumetuma habari kwa balozi wa kijiji, na tulikuta watu wamejaa uani kwa Kabula. Matanga yalikuwa hayajaondolewa. Wanaume wa ukoo walikuwa wamenyolewa vichwa kwa ajili ya marehemu, Nkwabi akiwamo. Alikaa mbele na vijana wake, filimbi shingoni. Alipoona ng'ombe wakiingia akasimama kwa furaha, akijua wamerudishwa kwake.

"Kaa kwanza," Malimi akamwambia. "Mtuhumiwa atasema, nanyi mtasikiliza. Mimi nitasema mwisho."

Luhende alipewa kigoda akakikataa. Alikwenda kwa punda, akafungua turubai, akaanza kuzitandaza zile ngozi mbele ya Kabula, moja pembeni ya nyingine, masikio yakielekea kwake. Kabula alikuwa mwanamke mwembamba, amejifunga kitambaa cheusi, mtoto wa mwisho mapajani. Alitazama bila kuelewa.

"Mimi ni Luhende," alisema kwa Kisukuma. "Natoka upande wa Mwandoya. Mume wako alikuwa rafiki yangu. Aliniletea mitamba wawili na dume mmoja, akasema ni wa watoto wako. Walio hai ni hawa. Waliokufa ni hawa."

Akaonyesha ngozi. "Huyu alikufa mwaka wa ukame. Huyu alifia kwenye kuzaa, na ndama alikufa tumboni, huyo ngozi yake haikufaa. Huyu ni ugonjwa wa kwato. Huyu aliliwa na simba pembeni ya pori la akiba. Niliwafukuza, lakini walikuwa wamekwisha kula. Nimeleta walichoacha."

Nimesimama mbele ya mahakimu na majenerali. Sijawahi kusikia ushahidi uliotolewa namna ile.

Nkwabi akaruka. "Maneno ya mwizi hayo! Ngozi kila mtu anazo! Shija alikuwa ndugu yangu, tumbo moja, angekuwa na ng'ombe huko ningejua. Mimi ningejua!"

Minong'ono ikaanza upande wa sungusungu. Nikaona Malimi anasogeza mguu mmoja mbele, na mimi nikasogea karibu na Luhende. Kama watu wale wangeamua kumaliza pale, sisi wawili tusingewazuia.

Ndipo Kabula alipomweka mtoto chini. Alikuwa anatazama ile ngozi kongwe, ya kwanza, iliyokauka kama bati. Akapiga magoti, akashika sikio. Lilikuwa na yale mapengo mawili, lakini ncha ya juu ilikuwa haipo, imenyofolewa vibaya, kovu lake limejikunja.

"Huyu namjua," alisema. "Huyu nilimpaka majivu na samli mimi mwenyewe, alipokuwa ndama. Shija aliniambia amekufa malishoni. Nikamlilia ng'ombe siku nzima, nikakataa kula." Akainua uso, na huku machozi yanatoka akaanza kucheka. "Shija wewe! Kumbe ulikuwa mwongo hivi!"

Wanawake wakaanza kulia. Kabula akamgeukia Nkwabi.

"Shemeji. Njoo uangalie sikio."

"Nimeshaona masikio."

"Njoo."

Nkwabi akaja. Alikuja kama mtu anayekwenda kumaliza ubishi. Akainama, akashika ile ngozi, akapitisha kidole gumba juu ya kovu. Akakipitisha tena. Nilikuwa karibu, nikaona mkono wake wa kulia una alama za meno za siku nyingi, kuanzia kiganja hadi karibu na kiwiko.

"Fisi," alisema Nkwabi. "Fisi alimshika ndama sikio. Mimi nilimshika fisi mkia, akanigeukia. Shija alikuwa na rungu." Akaendelea kupapasa lile kovu. "Alimpiga fisi mpaka akaniachia mimi."

Mtoto wa Kabula alitambaa akakaa juu ya ile ngozi iliyochanwa na simba.

Luhende akauliza, "Mmeziona zote?"

Wazee wa ukoo wakajibu, "Tumeziona."

"Hakuna iliyobaki kwangu."

"Hakuna."

Basi alikaa chini pale pale kwenye vumbi, kati ya ngozi, akaanza kulia kwa sauti, akimwita Shija kwa jina, yeye aliyefika msibani wiki tatu baadaye na amefungwa kamba. Alipigwa hakulia. Alielezwa kifungo hakulia. Malimi alingoja. Alingoja hata baada ya watu kuanza kutazamana.

Kisha akasema kwa sauti ya kazi, "Mlalamikaji, kamanda Nkwabi. Ng'ombe ni wa mjane na watoto wake, umesikia. Mtu huyu bado ni mahabusu wangu kwa malalamiko yako. Unasemaje?"

Nkwabi alikuwa bado ameshika ngozi. Aliikunja kwa uangalifu isivunjike, akampa Kabula. Akavua filimbi shingoni, akaitia mfukoni. Akamwita binti wa nyumba ile, akamwagiza wembe, sabuni na kopo la maji.

Binti alipoleta, Nkwabi alichuchumaa nyuma ya Luhende, akamfungua bendeji, akamlowesha kichwa. Akamnyoa kama walivyonyolewa ndugu wa marehemu, kuanzia utosini kushuka. Alipofika kwenye jeraha alisimama, akalizunguka polepole kwa ncha ya wembe, na Malimi akainama akamshikia kopo.